Kisu Hakiguswi

Miaka tisa ugenini, mchinjaji alishajua kuongea, kutukana na kucheka kama wenyeji. Pale machinjioni kisu cha mtu hakiguswi. Asubuhi hiyo mgeni mpya, aliyetoka nchi moja naye, alikiosha kisu cha msimamizi kwa heshima, kosa lilelile lililomng'oa mchinjaji meno mawili mwaka wa kwanza.

Wachinjaji wenyeji walimwangusha yule mgeni mpya, wakamshushia kipigo cha mbwa mwizi. Mchinjaji akajitosa, asije akaonekana mgeni. Akampiga teke la mbavu, zikalia kama kuni kavu.

"Kaka, mimi ni wa kwenu!" akalia yule kwa lugha ya kwao.

Mchinjaji akamkanyaga mdomo anyamaze. Meno yakatapakaa sakafuni.

Wenzake wakarudi nyuma.

"Utaua, we!" msimamizi akafoka. "Nyinyi wageni ni wanyama!"