Mshale Uliokataa Kutikisika

Moshi ulianza kutoka nyuma ya dashibodi kabla Tari hajafika Kulamawe. Alisimamisha lori, akaruka chini, akang'oa waya wa betri kwa mikono mitupu. Lori lingine lilimvuta kurudi Isiolo, na pampu mpya ya kisima cha Sericho ikarudi naye, imefungwa kamba pale nyuma.

Kesho yake asubuhi hakuweza kukaa. Alizunguka gereji, akakataa chai, akatoa simu na kuirudisha mfukoni. Ikalia. Alikuwa Dahabo, dada yake, kutoka Sericho.

"Kaka, ndama wameanza kulala chini kwa kiu. Pampu iko wapi?"

"Inakuja, Dahabo. Inakuja."

Akal, fundi wa umeme wa magari, alijitoa chini ya usukani akiwa na kitu cheusi kama saa, plastiki yake imeyeyuka. Ilikuwa mita ya ampea, iliyokaa kwenye lori hilo tangu siku za marehemu baba yake Tari.

"Hii ndiyo ilitaka kukuchoma," alisema. "Umeme wote wa kuchaji betri unapita humu, mbele ya magoti yako. Nati ikilegea kidogo, inachemka. Nakuwekea ya volti, inayopima tu nguvu ya betri."

"Weka ingine kama hiyo hiyo. Nimeizoea. Mzee alinifundisha: mshale ukienda kulia, betri inakula. Ukienda kushoto, inaliwa."

"Mzee alikuwa na taa mbili na honi. Wewe umeongeza taa za juu, redio, chaja za simu. Waya ni zile zile."

Tari alitazama barabara. "Basi fanya haraka."

Akal aliunganisha nyaya mbili nene zilizokuwa zikiingia kwenye mita, akazibana kwa bolti moja, akazifunika kwa mpira. Mita mpya aliipa waya mwembamba kutoka kwenye swichi, na mwingine akaufunga kwenye bodi. Tari alisimama karibu naye akimpa spana asizoziomba.

Injini ilipowaka, mshale ulipanda hadi kumi na nne, ukatulia. Tari aligonga kioo.

"Imekwama."

"Haijakwama. Injini ikiwaka, inafaa ikae hapo. Ikishuka chini ya kumi na tatu, simama uangalie. Na wacha kugonga."

Safarini Tari aliutazama mshale zaidi kuliko barabara, hata nusura agonge punda. Ule wa zamani ulirukaruka kwa kila honi, ukawa kama mtu wa kuongea naye. Huu ulinyamaza. Aliwasha taa mchana kweupe ili auone ukitikisika tu, akazizima.

Alipokwisha kupita Garba Tula, ukaanza kushuka. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Akal ameniharibia gari, aliwaza, na mguu wake ukakanyaga mafuta zaidi. Si mbali sana sasa. Kisha akajiona amezimikiwa katikati ya nyika ile, pampu nyuma ya lori, simu haina mtandao. Akasimama.

Alipofungua boneti alikutana na harufu ya mpira moto. Mkanda wa feni, unaozungusha pia jenereta ya kuchaji betri, ulikuwa umechanika upande mmoja, unateleza, umebaki uzi. Alichukua mwingine chini ya kiti, akaufunga, akaungua kifundo cha mkono kwenye rejeta. Alipowasha, mshale ulipanda hadi kumi na nne.

Aliingia Sericho jua likiwa bado juu. Dahabo alikuja mbio, hakumsalimia.

"Umeungua."

"Ndama?"

"Wawili wamekufa. Wengine bado wanapumua." Tayari alikuwa anafungua kamba. Tari alipanda, akashika upande wa pili.

Walipokwisha kuifunga kisimani, pampu ilikohoa sana kabla ya kutoa maji. Yalikuja mekundu kwa udongo, kisha yakasafika, na ng'ombe wakasukumana kwenye birika. Wanaume waliosaidia kuifunga walikaa chini, wakacheka kwa uchovu.

"Kaa na wewe," Dahabo alimwambia.

Tari alikubali kwa kichwa, lakini aliendelea kusimama, asijue mikono yake aiweke wapi.