Mwizi wa Mchezo wa Saba

Majaribio ya waigizaji yalianza saa nane mchana katika ukumbi wa kukodi pale Nchiru, ule wenye viti vya plastiki vya kijani na kimoja cheupe. Mbaabu alikuwa wa nne kwenye foleni. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili tangu afe, na udongo mwekundu wa kaburi lake kule Githongo ulikuwa bado masikioni mwake, lakini jina lake aliliandika vizuri kwenye karatasi.

Michezo ilikuwa saba, kila mmoja dakika tano. Ilitokana na albamu ya roki ambayo Mbaabu aliirekodi katika hosteli ya chuo kwa gitaa la kuazima: nyimbo saba, michezo saba. Koome, aliyekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyeiandika michezo hiyo, na ndiye aliyewaelekeza waigizaji. Ndiye pia aliyepiga kelele "Mwizi!" siku ile simu yake ilipopotea, na wanafunzi wakampiga Mbaabu kwa mawe mpaka akanyamaza. Kesho yake simu ilipatikana ndani ya blanketi la Koome. Akaifuta, akaichaji.

"Nataka mchezo wa saba, ule wangu," Mbaabu akasema. "Mamangu atakuja. Nataka asikie kwamba sikuiba."

"Hiyo haiko kwa skripti," Koome akasema. "Hapo mwizi anarudi nyumbani kuomba msamaha. Haya, lia tuone."

Mbaabu akajaribu. Badala ya machozi, udongo ukamwagika sakafuni.

"Wee, huyu anakaa kama nguzo ya stima!" akasema Oscar, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, na watu wakacheka. Oscar alisomea ualimu. Alilia kwa jicho moja kwanza, halafu kwa la pili, akapewa nafasi ya mwizi. Mbaabu akapewa kazi ya kuvuta kamba ya pazia, kwa kuwa hakuhitaji chakula cha mchana.

Jumamosi, siku ya onyesho, mamake, Marcella, akaja na mukimo wa viazi na mahindi ndani ya hotpoti, na sweta ya Mbaabu ya kijivu, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Tangu mazishi, akina mama wa kanisa walikuwa wakihesabu vijiko kila alipotoka jikoni mwa kanisa.

Katika mchezo wa saba, gitaa la Mbaabu likiunguruma kwa spika, Oscar akapiga magoti.

"Mama, niliiba. Nisamehe."

Marcella akainuka kitini, akapanda jukwaani, akamshika kichwa. "Nimekusamehe, mtoto wangu." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mbaabu akaiacha kamba. "Mama, sikuiba. Simu ilikuwa kwa blanketi ya Koome."

Marcella alimtambua mara moja. Akalowesha kona ya leso kwa mate, akampangusa udongo sikioni, kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili kabla ya ibada.

"Ona sasa, Mbaabu," akasema. "Mwenzako amekubali. Wewe hata kufa hakujakutoa kiburi."

Akamvalisha Oscar sweta, akafunga vifungo vyote, akampakulia mukimo. Oscar akaomba kuongezewa.

Koome akawaambia wasogeleane, mama na mwana, awapige picha. Simu ilikuwa ile ile. Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Mbaabu, toka hapo kidogo, unatuzibia mwanga," akasema. "Na ufagie huo udongo."

Mbaabu akachukua ufagio. Udongo ulikuwa wake.