Sauti ya Mke wa Ayubu

“Rudia kuanzia pale anapokaa kwenye majivu,” nilimwambia shemeji. “Karatasi imelia.”

Upande wa pili wa kioo aliinua kiganja kuomba radhi, akanywa maji kidogo, akaanza upya. Shemeji ni mume wa dada yangu. Alikuwa mtangazaji wa redio mpaka alipostaafu, na sauti yake haijazeeka. Alisoma habari za majipu na kigae cha kujikunia, nami nikitazama mistari ya sauti inavyopanda na kushuka kwenye kompyuta, mpaka akafika mahali ambapo mke wa Ayubu anafungua kinywa. Hapo akanyamaza, kama tulivyopanga.

Tulikuwa tunarekodi Biblia kwa ajili ya watu wasioona. Mchungaji ndiye aliyeleta kazi hiyo, na masharti yake yalikuwa mepesi: kila mhusika awe na sauti yake, na lisiongezwe hata neno moja. Studio yangu ni chumba cha uani ambacho kuta zake nimezifunika kwa magodoro ya zamani. Ufundi wenyewe nilijifunza kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga tena, kwa hiyo huwa naenda polepole. Jirani yangu ni seremala, na tumeelewana: asubuhi ni yangu, mchana ni wa msumeno wake.

Mchungaji aliponiomba mwanamke anayesoma vizuri, nilimtaja dada. Sikumwambia zaidi, kwa sababu yeye ni mgeni mtaani kwetu. Hakujua kwamba dada yangu mwenyewe huitwa Mke wa Ayubu.

Jina hilo alilipata mwaka ule shemeji alipougua, akalala kitandani bila kuweza kujigeuza. Siku moja waombaji walijaa chumbani wakiimba, na mgonjwa alikuwa hajapata usingizi tangu jana yake. Dada akawaambia wamwache apumzike, na kama ni kufa, basi afe kwa amani. Mmoja wao akasema, tazameni, mke wa Ayubu huyo. Ikawa basi. Shemeji akapona, na jina nalo likapona vizuri. Hata yeye alilitania hewani, wasikilizaji wakacheka. Dada hakuwahi kusema lolote, ila kwa kazi hii alikubali kabla sijamaliza kuomba.

Akasogea kwenye kipaza sauti, akavuta pumzi, akasoma maneno yake. Ni machache sana. Mwanamke anamshangaa mumewe kwa kuendelea kumcha Mungu, kisha anamwambia ni heri amtukane huyo Mungu wake, afe. Dada aliyasema taratibu, chini kwa chini, kama mtu aliyekesha anayezungumza huku anakunja shuka.

“Vizuri, mama,” alisema Mchungaji, aliyekuwa ameketi pembeni yangu. “Sasa ongeza pilipili kidogo. Huyu mwanamke ni mkali.”

Dada akarudia. Ilikuwa vilevile.

“Mama, pilipili!”

“Mkali wapi, Mchungaji?” Sauti ya dada ilitujia kwenye spika. “Nionyeshe nami nimuone.”

Mchungaji akafungua Biblia yake, akafuata mstari kwa kidole, akarudi nyuma, akaenda mbele. Akacheka. “Haijaandikwa. Lakini ndivyo tunavyomjua.”

“Mnamjua kutoka wapi?”

Shemeji alikohoa. Mimi nikaangalia vitufe vyangu. Wote watatu, mimi na wao wawili, tulijua mtaa huu ulimjua kutoka wapi. Enzi za ujana wake shemeji alitunga mchezo wa redio juu ya Ayubu, ukarushwa mara nyingi mpaka watoto wakaukariri. Ndani yake mke wa Ayubu anafoka huku anapiga sufuria. Tukiwa wadogo tulicheka mpaka tukashika mbavu.

“Ni mchezo wangu, Mchungaji,” shemeji alisema. “Zamani hizo.”

“Na sufuria ilikuwa yangu,” alisema dada. “Uliiondoa nzima, ukairudisha imebonyea. Mpaka leo haikai sawa jikoni.”

Mchungaji alicheka kwa mwili wote. Alipotulia akasema, “Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha kuisoma Biblia kwa maswali. Alituambia wanawake wengi humu hawana hata majina, kwa hiyo wahubiri, wachoraji na watunzi wa michezo huwajazia sura na sauti wanazozitaka wao. Nikaandika insha nzuri juu ya hilo. Halafu nikapanda mimbarani nikaendelea kumpigisha mama wa watu kelele.”

“Basi jibu na langu,” alisema dada. “Wale watoto kumi walioangukiwa na nyumba, aliwazaa nani?”

Mchungaji akaishusha Biblia magotini, na dada akaendelea.

“Ayubu anapewa kurasa na kurasa za kulia. Mama yao anapewa mstari mmoja, na huo ndio mnataka nipige kelele. Mwishoni wanazaliwa kumi wengine, na yeye hatuambiwi hata kama yuko hai.”

“Lakini alimwambia mumewe afe, bibie,” shemeji alisema kwa upole.

“Na mimi nilikwambia.”

Nilitaka kuzima spika, maana hayo yalikuwa yao. Mkono ukagoma.

“Nakumbuka,” shemeji alisema. “Nilikuwa nasikia yote. Ulifoka mpaka dirisha likatetemeka.”

“Nilifoka?”

“Sana.”

“Mdogo wangu alikuwepo, alishika beseni la maji. Muulize.”

Shemeji akageukia kioo. Mimi si mtu wa kuamua kesi za watu, lakini sauti ndiyo kazi yangu, na ile naikumbuka.

“Hakufoka, shemeji,” nilisema. “Aliongea polepole. Ilibidi waimbaji wanyamaze ndipo wamsikie.”

Alibaki ananitazama, halafu akamtazama mkewe, halafu karatasi yake. “Mbona mimi nasikia akifoka? Hata sasa hivi namsikia.”

“Unasikia redio yako, mzee,” alisema dada, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mchungaji akaomba hedifoni. Nikamchezea ile ya kwanza. Aliisikiliza amefumba macho, akaomba tena. Dada alisimama palepale mikono ikiwa imeshika ukingo wa meza, na nilijua akiambiwa arudie kwa ukali atavaa viatu vyake aondoke, na jina litabaki lilivyo.

“Iache hiyo,” Mchungaji alisema mwishowe. “Sijui wazee wa kanisa watasemaje. Wakiuliza nitawaomba wanionyeshe palipoandikwa kelele.”

Dada akaketi.

Ikabaki zamu ya shemeji, kwa sababu Ayubu humjibu mkewe kwamba anasema kama mmoja wa wanawake wapumbavu. Shemeji alijiweka sawa, akaachia ile ngurumo yake ya zamani. Katikati akaacha mwenyewe. “Hapana. Anamgombeza nani, na mwenzake ameongea hivyo?” Akajaribu kwa utaratibu, sauti ikayumba kwenye neno lile la wapumbavu, akavua miwani akaifuta.

“Shemeji, twende tena?” nilimuuliza.

Kabla hajajibu, msumeno wa jirani ukaanza kuunguruma ukutani. Mchana ulikuwa umefika, na makubaliano ni makubaliano.

“Kesho,” nilisema. “Tutaanzia hapo.”

“Afadhali,” alisema shemeji. “Nikalale nayo.”

“Usilale nayo sana,” dada alimwambia, akimpa begi abebe. “Mimi nimengoja miaka, asubuhi moja siyo kitu.”

Walitoka wakipita uani, yeye akiwa amemshika mkewe kiwiko, na nilimsikia akiuliza kama ile sufuria inaweza kunyooshwa. Mchungaji aliwafuata kwa nyuma akiendelea kucheka peke yake. Mimi nikakata ile ngurumo, nikakata na lile jaribio lililoyumba. Nikaacha sauti ya dada ilivyo, na mbele yake nafasi tupu ya kutosha jibu, nikahifadhi kazi, nikafunika kipaza sauti kwa kitambaa.