Wagonjwa wa Kindness

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa nne kasoro robo asubuhi, Hilda alikuwa akipanga viti viwili vya plastiki katika chumba kidogo kilichopo kati ya wodi ya afya ya akili na chumba cha kufulia, katika hospitali moja ya mjini Moshi. Aliviweka mshazari, kama alivyofundishwa, ili anayezungumza asijione yuko polisi. Kisha akafungua daftari lake la saa. Alikuwa na saa mia mbili na kumi na mbili. Aliyetaka kuomba nafasi ya utarajali wa saikolojia mwaka huo alitakiwa awe na saa mia tatu za kukaa na wagonjwa, zimesainiwa na kupigwa mhuri, kabla ya tarehe thelathini. Zilimbaki wiki tatu, na akijibana zilimtosha.

Tuliseme mapema lisije likatusumbua mbele: Hilda alikuwa na wivu. Alimwonea wivu Kindness, waliyesoma naye darasa moja na kupanga naye chumba kimoja Majengo kwa miaka mitatu. Kindness alikuwa ameruka mafunzo ya vitendo. Tangu mwezi wa tatu alikuwa Arusha, akipokea wageni katika ofisi ya safari. Mwezi wa tano akaenda Machame kwa mama yake mdogo, akakaa jikoni wiki moja wakimenya ndizi, akajaza daftari zima. Saa mia tatu na nne. Msimamizi wao, Bwana Filemon, alilisaini akiwa amesimama kwenye korido, kikombe cha chai mkono wa pili. Zile saa nne za juu ndizo zilizomuuma Hilda kuliko zile mia tatu.

Saa nne kamili mlango uligongwa. Hilda alimtarajia Primus, mpagazi wa mlimani kutoka Uru, ambaye tangu mwenzake afie njiani na mzigo mgongoni mwezi wa pili hakuwa amesema neno. Alikuwa amekuja mara tisa, na mara zote tisa alikaa akiangalia viganja vyake mpaka muda ukaisha. Lakini aliyeingia alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, amevaa koti la kahawia lililokosa kifungo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Ebenezeri Swai, wa Machame. Nina miadi na Dada Kindness. Ni kikao cha kwanza. Tarehe imepita, ila hilo kosa si langu."

Hilda alimkaribisha kiti. Miguuni mzee huyo hakuwa na cha kuelezeka, kwa sababu Kindness hakuandika viatu. Hilda akatoka nje kidogo, akapiga simu Arusha.

"Huyo wa parachichi?" Kindness aliuliza. "Aliyekata kahawa ya marehemu baba yake akapanda parachichi, sasa hapati usingizi?"

"Huyohuyo."

"Aisee, nilimtunga mimi huyo. Amefika saa ngapi?"

"Saa nne kamili."

"Ee, nilimwandika mtu wa kufika kwa wakati. Nisikilizie basi, shosti. Mimi huku nina Wajapani kumi na mbili na begi moja limepotea."

Hilda akarudi ndani, akamsikiliza. Hakuwa amewahi kupata mgonjwa mzuri namna ile. Mzee alianza mwanzo, akapita katikati, akafika mwisho. Dakika ya ishirini alifuta jicho moja. Dakika ya arobaini na tano alisema anasikia ahueni kidogo, akashukuru, akaacha chini ya kiti kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, kwa ajili ya Dada Kindness. Primus alikuwa kwenye benchi nje muda wote huo. Hilda alipofungua mlango kumwita, benchi lilikuwa tupu.

Alipompelekea Bwana Filemon ile saa aisaini, msimamizi aliangalia jina la mgonjwa, akafungua faili, akatikisa kichwa.

"Huyu ameandikishwa kwa Kindness. Mgonjwa mmoja hawezi kuingia kwenye madaftari mawili."

"Lakini niliyekaa naye ni mimi, Mwalimu."

"Sijakataa. Umefanya vizuri kukaa naye, mtu ametoka Machame yote hiyo." Akafunga faili. "Ila saa ni ya Kindness, na Kindness zake nilishasaini."

Kufikia Ijumaa walikuwa wamefika kumi na wanne. Alikuja Magdalena, fundi cherehani wa Old Moshi, aliyeogopa kelele za cherehani. Alikuja mwalimu mstaafu aliyekuwa akiota kengele. Walikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tatizo lake limekaa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi. Wote waliulizia Dada Kindness, na walipoambiwa hayupo walisema hawana neno, maana kwa jinsi walivyoandikwa walikuwa watu waelewa.

Kosa la Kindness lilikuwa dogo, na ni mtu wa mlimani tu angelifanya. Mwanafunzi wa kutoka kwingine angeandika mgonjwa wa kwanza, mgonjwa wa pili, basi, na wangebaki humohumo kwenye karatasi. Kindness asingeweza. Amekulia kwenye migomba ambako ukimtaja mtu unaulizwa kwanza ni wa ukoo gani na kitongoji gani, mkono wake ukaandika ukoo na kitongoji bila kumwuliza. Mtu akishakuwa na ukoo na kitongoji lazima awe na pa kutokea asubuhi. Kina Swai walikutana Jumamosi wakamwuliza Ebenezeri ni mtoto wa nani. Akajibu kama alivyoandikwa: baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, ni marehemu. Hapo palikuwa na marehemu wengi wa kumfaa. Walibishana mpaka mchana ni yupi, wakashindwa kuelewana, wakamkatia kipande cha kihamba, shamba la ukoo, karibu na mfereji, chenye migomba kumi na mitano, na wakamwingiza kwenye orodha ya nyama ya Krismasi.

Hilda hakushangazwa na lolote kati ya hayo. Alichokuwa nacho ni wivu, tena wivu usio na aibu, wa kuamka nao na kupiga nao mswaki. Aliwaonea wivu wagonjwa wa Kindness kwa jinsi walivyokuwa wakipona. Kila wiki Magdalena alishona kwa dakika tano zaidi. Wa kwake Hilda walikuwa wanachelewa nusu saa, wananyamaza, wanalala, wanauliza kama kuna dawa ya kuchoma sindano wamalize. Chini ya meza mbege ilirundikana, na mikungu ya ndizi za mchare, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, vyote vya Kindness. Mwisho wa juma Hilda alivipeleka stendi, akavipakia basi la Arusha. Kindness akamtumia picha ya kuku akiwa kwenye sufuria. Hilda aliitazama ile picha muda mrefu kuliko inavyostahili kutazamwa picha ya kuku.

Na saa zake hazikusogea. Chumba kilikuwa kimoja, viti viwili, na wale kumi na wanne hawakukosa hata siku moja. Wagonjwa wa kweli wakikuta benchi limejaa waliondoka. Zikiwa zimebaki siku tisa, daftari lake lilikuwa na saa mia mbili thelathini na moja.

"Sasa wewe unajitesa nini?" Bwana Filemon alimwuliza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi tatu na mhuri mmoja. "Andika hizo zilizobaki. Kule wanakoamua hawampigii simu mtu yeyote, wanaangalia mhuri tu. Mimi nitasaini."

"Na nisipoandika?"

"Utaomba mwakani. Kama mwakani watakuwa bado wanachukua watu."

Jumapili hiyo, baada ya misa, Hilda alipanda Uru kwa mama yake na daftari kwenye mkoba. Alikaa kwenye kigoda nje ya zizi. Mama yake, Hilaria, alikuwa akikatakata migomba ya kumlisha ng'ombe. Hilda alichukua penseli, kwa sababu ni mtu wa tahadhari, akaandika mstari wa kwanza: mwanamume, miaka thelathini, kijana wa Uru, kifua kinambana. Alikuwa hajafika kwenye ukoo.

Kwenye migomba upande wa chini mtu akakohoa.

"Nani huyo?" Mama Hilaria aliuliza bila kuinua kichwa.

"Namwandika."

"Analala kwa nani?"

"Sijafika huko, mama."

"Fika basi, maana baridi inaingia. Na ukishamwandika, nani atakaa naye huko hospitali? Wale wa mwenzio wanakaa na wewe. Huyu wa kwako unamwachia nani?"

Hilda alimfikiria Primus na benchi. Aliwafikiria wanafunzi wa mwaka wa pili watakaoingia chumba kile mwezi wa kumi. Yule kijana akakohoa tena, kikohozi cha mtu mwenye adabu anayesubiri kukaribishwa. Hilda akageuza penseli, akafuta mstari wote kwa kile kifutio cha nyuma, akapuliza vumbi la karatasi. Kwenye migomba kukatulia. Ukitaka kujua alijisikiaje, hakujisikia mwema hata kidogo. Alimwonea Kindness wivu kwa hilo pia, kwamba aliweza kuwaandika watu kumi na wanne, anamenya ndizi, asisikie hata mmoja anakohoa.

Tarehe thelathini ilifika na kupita. Hilda alikuwa na saa mia mbili arobaini na tatu, hakuomba.

Mwezi wa nane majina yalitoka. Kindness alipata nafasi katika hospitali kubwa Dodoma, na kwenye barua walimsifu kwa kuwa wagonjwa wake wote kumi na wanne wameonyesha maendeleo. Habari hiyo Hilda alipewa na Magdalena, aliyefurahi sana kwa ajili ya Dada Kindness. Hilda alisema hongera yake, akaenda chumba cha kufulia, akasimama kati ya mashuka yaliyoanikwa mpaka uso wake ukarudi mahali pake.

Jumanne ya tatu ya mwezi huo, kabla ya saa tatu, Kindness alikuja mwenyewe. Alikuwa amesuka nywele mpya, begi la safari begani, na mkononi ameshika jani la isale, la kuombea msamaha, lililofungwa fundo. Mama yake alimkatia alfajiri kwenye mpaka wa kihamba, akamwambia asiondoke mlimani akiacha nyuma mtu mwenye kinyongo naye.

"Hilda, nimekukosea," alisema, mbele ya Bwana Filemon, ambaye alishusha kikombe. "Nimekubebesha watu wangu. Naomba unisamehe."

Akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Mtu akiletewa isale hakatai. Hilo Hilda alilijua kabla hajajua kusoma. Alilipokea kwa mikono miwili. Msamaha ukafika palepale, kama maji yanavyofika ukiyafungulia mfereji, na Hilda alipouchunguza aliona ni msamaha wa kweli, haukuwa na kasoro. Wivu ulikuwa pembeni yake, haujapungua hata chembe. Isale haihusiki na wivu.

"Asante, rafiki yangu," Kindness alisema, akafuta machozi, akamkumbatia. "Basi hao wa Jumanne endelea nao, eti? Nilimwandika Ebenezeri mpaka kikao cha ishirini na mbili." Akaangalia saa. Basi la Dodoma lilikuwa linaondoka saa tatu na nusu.

Hilda aliliweka lile jani mezani. Saa tatu ndiyo saa pekee aliyokuwa amebakiza tupu, na alikuwa ameitunza kwa ajili ya Primus. Primus aliingia, akakaa, akaanza kuangalia viganja vyake. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Saa nne kasoro dakika tano Primus akainua macho akaliona lile jani.

"Nani amekosewa?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa na kutu kidogo.

"Mimi."

Primus akatikisa kichwa taratibu.

"Ule mzigo ulikuwa wangu," alisema. "Nilimwambia anishikie kidogo nifunge kamba ya kiatu. Nikafunga. Nikafunga na cha pili, kilikuwa hakijalegea. Nilikuwa nimechoka tu, dada. Nikasema acha aende nao mpaka pale juu, halafu—"

Mlango uligongwa. Ilikuwa saa nne kamili. Ebenezeri Swai aliingia na koti lake la kahawia, akasimama.

Primus alikuwa kijana aliyelelewa. Akanyanyuka, akamwachia kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu," alisema Ebenezeri, aliyekuwa na umri wa miezi mitatu, akaketi.

Hilda alisema, "Primus, subiri." Lakini Primus alikuwa ameshafika mlangoni, amenyamaza tena, na nyuma ya mlango Magdalena alikuwa tayari kwenye benchi, na yule mwalimu mstaafu kando yake. Primus aliwapita kwa heshima, akaenda zake.

"Tuliishia wapi, mwanangu?" Ebenezeri aliuliza.

"Unaanza kupata usingizi, mzee."

"Ee, kweli. Jana nimelala kwa saa sita nzima."

Hilda akavuta karatasi. Akaandika tarehe, kikao cha kumi na moja, mgonjwa anaendelea vizuri. Penye jina la msikilizaji akaandika Kindness, kwa kalamu ya wino.