Kuku wa Mtani

Mwanangu Yasini amekatwa mkono wa kulia, chini kidogo ya bega. Ana miaka kumi na tisa. Hakugongwa na pikipiki wala hakuanguka mnazini. Alivunjwa kiwiko kwenye uwanja wangu wa kuanikia korosho, hapa Tingi, mchana kweupe, watu zaidi ya mia mbili wakicheka. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mchezo wenyewe unaitwa jujitsu, ule wa Brazili. Mwalimu wetu Benedicto aliujifunza Dar es Salaam. Alitueleza kwamba huko nje wengi hawakuujua, mpaka mcheza sinema mmoja mkubwa akapigwa picha amevaa lile koti na mkanda. Baada ya hapo kila nchi ikautaka. Kwetu mcheza sinema hakufika. Kwetu alifika Chuma Tupu, mwanamuziki, kwanza kwenye simu za vijana, anaimba amevaa koti jeupe. Benedicto alikuwa amefundisha miaka miwili akapata vijana sita. Wiki mbili baada ya wimbo ule tukawa na thelathini na mmoja.

Niliwapa uwanja. Tulishona magunia ya korosho, tukayajaza makumbi ya nazi yaliyopondwa, wakawa na pa kuangukia.

Kwenye mchezo huo mtu akibanwa anagonga kwa kiganja, na aliyembana anamwachia papo hapo. Benedicto alilisema hilo kila siku. "Akigonga, achia. Hata kama ni adui yako." Lakini ukoo wetu na ukoo wa kijana mmoja, Likwata, ni watani tangu enzi za babu zetu, na mtani akikukamata hakuachii kwa kuombwa. Unajikomboa. Akikunyang'anya kofia msibani, unatoa kuku ndipo unarudishiwa. Basi vijana wakauingiza utani mchezoni. Benedicto akigeuka tu, Likwata alimbana Yasini, Yasini akagonga, na hakuachiwa mpaka aseme "kuku." Na kuku kweli alikuja, tukamla. Nililiona jambo hilo mara nyingi, na kila mara nilicheka.

Mwezi wa nane Chuma Tupu akaja mwenyewe, na magari mawili. Alisema atachagua kijana mmoja wa kwenda naye Komoro, kuuonyesha mchezo mahali ambapo haujafika. Nilitaka awe Yasini. Asubuhi ile nilimwambia, "Leo husemi kuku. Mbele ya yule mtu, ukisema kuku umeshindwa."

"Baba, na nikibanwa?"

"Utavumilia."

Yasini na Likwata wakawekwa wapambane. Mpiga picha wa Chuma Tupu akamsukuma Benedicto nyuma ya kamba. "Mwalimu, unaziba picha."

Haikuchukua muda. Likwata akaunasa mkono wa Yasini katikati ya mapaja yake, akajilaza, akavuta. Yasini akagonga.

"Toa kuku, mtumwa wangu!" Likwata akapiga kelele.

Wanawake wakapiga vigelegele. Chuma Tupu akauliza, "Wanasemaje hao?" Akaelezwa. Akacheka mpaka akashika magoti, kisha akachuchumaa karibu yao akirekodi kwa simu yake. "Usiachie, mwanangu! Mpaka aseme!"

Nyuma ya watu Benedicto alikuwa anapayuka, "Kagonga! Achia! Kagonga huyo!"

"Mwalimu, acha uchoyo," mtu akamjibu. "Kuku wa watani wewe unamtakia nini?"

Yasini aligonga tena, mara tatu, mara nne. Halafu akageuza uso akanitazama. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale.

Nikamwambia, "Usiseme!"

Hakusema. Ulisikika mlio kama wa muhogo mkavu unaovunjwa.

Likwata akaachia akicheka, ndipo akauona mkono ulivyogeuka. Akaanza kulia kama mtoto. "Si ungesema, mtani? Si ungesema tu? Kuku mwenyewe ningemtoa mimi."

Chuma Tupu aliniambia pole mzee, nimpe kijana wake namba yangu. Magari yakaondoka. Mimi nikampakia Yasini kwenye pikipiki hadi Kikole, kwa mzee anayeunga mifupa. Benedicto alinishika shati akinisihi niende hospitali. Nikamwambia mfupa ni mfupa. Ule mkono ukafungwa fito, ukakazwa. Siku ya pili Yasini akaniambia, "Baba, vidole sivisikii." Nikamwambia avumilie. Siku ya nne vidole vilikuwa vyeusi. Hospitali daktari aliutazama, akauliza ulifungwa lini, nikamjibu. Kisha akasema kilichokwisha kufa hakirudi, wakate kabla hakijaua kilichobaki.

Polisi waliniuliza kama nafungua kesi. Mtani hashtakiwi. Na mahakamani ningesema nani alisema "usiseme"?

Ile video ilitolewa mtandaoni. Imekatwa pale watu wanapocheka, kabla ya mlio. Benedicto alihama, akanipigia simu mwezi wa pili. Anasema imetazamwa na watu milioni tatu. Klabu zimefunguliwa Moroni, na Pemba ya Msumbiji, na vijana wa huko wakibanana wanapigiana kelele, "Kuku! Kuku!" Wanadhani ndiyo sheria ya mchezo. Alikuwa analia akinieleza.

Nilikuwa na mikorosho sitini. Arobaini na mitatu nimeiuza kwa ajili ya hospitali. Nusaiba alikuwa ameshaposwa na Yasini. Wazazi wake wamerudisha posa. Klabu ya hapa haina hata kijana mmoja. Likwata amekwenda Mtwara, hajulikani anaishi kwa nani. Tumezika watu wawili tangu hapo na watani hawakuja kwenye mazishi yote mawili, wala sisi hatukuthubutu kuwaita.

Yasini sasa anatawadha chooni na kula kwa mkono mmoja huohuo wa kushoto, na hataki kuutia kwenye sinia mbele ya watu. Mama yake, Sauda, alimbembeleza, akachoka. Tulikuwa tunakula watu watano kwenye sinia moja. Sasa tunakula wanne, na sahani ya tano inapelekwa uani.