Zamu ya Maji

"Meya, niletee miwani yangu," baba alisema bila kuinua kichwa, na wanawake wawili wakanyanyuka kwa pamoja.

Mmoja alikuwa binti yake wa kumzaa, mshona mapazia, aliyeitwa Meya tangu akiwa na miaka saba. Mwingine alikuwa mke wa mwanawe, mwalimu wa chekechea, aliyeingia katika nyumba hiyo miaka miwili tu iliyopita. Aliyeitwa alikuwa huyo wa pili. Kufumba na kufumbua alishafika kabatini, akavuta droo ya kushoto bila kuuliza ni ipi, akamvalisha mzee miwani kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayemvalisha mtoto kofia. Binti wa kuzaa alikuwa amesimama katikati ya sebule na hakuwa na pa kwenda. Akaelekea dirishani, akajifanya anakagua pindo la pazia. Pindo halikuwa na kasoro yoyote, maana alilishona yeye.

"Kuna nini hapo, Dada?" mdogo wake akauliza.

"Uzi," akajibu.

Tuseme ukweli: wivu wa mtu mzima ni aibu kuusimulia. Mwanamke ana karakana yake, ana wateja mpaka mtaa wa pili, halafu anakosa usingizi kwa sababu ya jina la utani. Lakini jina hilo lilikuwa na historia. Baba alikuwa mpima ardhi. Zamani alikuwa akileta nyumbani ramani zilizoharibika, anazitandaza sakafuni, na binti anapanga maboksi ya viberiti juu yake: hii shule, hili soko, hapa kwa bibi. Kisha baba anashika penseli na kuuliza, "Haya Meya, barabara ipite wapi?" Binti akinyoosha kidole, baba anachora hapohapo, mstari mmoja ulionyooka, bila rula. Tangu siku hizo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza barabara ipite wapi.

Aliyeharibu mambo ni mdogo wake, mwendesha kreni, mume wa huyo mwalimu. Mfanyakazi mwenzake alikuwa anahama, akamwachia mchezo wa kujenga mji: sanduku zito kama tofali, ndani yake vigae vya nyumba, masoko, viwanda na barabara, noti za karatasi, na sahani ndogo iliyojaa shanga za buluu. Wakaanza kuucheza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mwenye mji mkubwa kuliko wote anaitwa Meya wiki nzima, mpaka Jumapili inayofuata. Walimkaribisha dada mtu siku ya kwanza, naye akabetua mdomo. Alisema yeye ana kazi, hana muda wa kuchezea vigae. Siku hiyohiyo wifi yake akashinda. Akashinda na wiki iliyofuata. Kufikia Jumapili ya sita hakuna aliyejisumbua kuhesabu. Mwalimu wa chekechea alikuwa Meya, basi, na baba akamzoea kwa jina hilo hata siku ambazo sanduku halijafunguliwa.

Mshona mapazia alipofika nyumbani jioni ile ya miwani aliapa kwamba jina lake litarudi, na litarudi mezani, mbele ya watu. Tatizo lilikuwa kujifunza. Kumwomba wifi amfundishe? Bora ameze sindano. Kumwomba mdogo wake ni kutangaza kwenye kipaza sauti. Akafungua simu, akatafuta, na akakuta kuna watu duniani wanaojirekodi wakicheza mchezo huo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Akamchagua mmoja. Uso wake hauonekani, ni mikono tu na pete nene ya fedha, kwa hiyo akampa jina la Bwana Pete. Mtu huyo alianza kila video kwa maneno mengi, karibuni, asanteni, na dada mtu hakuwa na subira ya salamu. Alizirusha hizo dakika za mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye vigae. Simu aliiegemeza kwenye boksi la vifungo, mguu ukakanyaga cherehani, jicho moja likawa kwenye mshono na jingine kwenye mji. Na Bwana Pete alikuwa anajua kujenga, jamani! Nyumba, nyumba, soko, barabara, nyumba. Raundi ikiisha kioo kinakuwa cheusi kidogo, kisha mkono wenye pete unarudi na raundi mpya inaanza, na mlangoni mwa kila nyumba kuna ushanga wa buluu unaong'aa. Hizo shanga alizipenda sana. Alizichukulia kuwa mapambo, kama vile vishada anavyotundika pembeni mwa mapazia ya wenye nazo.

Katika wiki tatu alitazama michezo thelathini na mmoja. Daftari la vipimo likajaa mambo mawili yaliyochanganyika: dirisha la sebule sentimita mia na themanini, soko kabla ya kiwanda, mlango wa nyuma sentimita tisini, usijenge kona mbili kwa mpigo. Mwenye saluni akaja akiwa amebeba pazia lake mabegani, limeishia shubiri nzima juu ya kizingiti cha dirisha.

"Fundi, niambie," alisema. "Hili ni pazia au sketi?"

Akalirefusha bure, bila kubisha. Mawazo yake hayakuwa kwenye pazia. Alikuwa anamwona baba akiinua macho kutoka kwenye meza na kusema lile jina, safari hii akimtazama yeye.

Jumapili ikafika. Vyombo vilipoondolewa na sanduku kuwekwa mezani, akavuta kiti. "Leo nacheza."

"Unajua?" mdogo wake akauliza.

"Kujenga mji? Mimi nilianza kujenga miji wengine mnanyonya."

Baba alifurahi mpaka akagonga meza. "Sheria ya meza yangu unaijua? Hapa hatumfundishi mtu asiyeuliza." Alikuwa ameitoa kazini sheria hiyo. Miaka yote wasaidizi wake walikuwa wakimpigia kelele za ushauri wakati jicho lake liko kwenye chombo cha kupimia, na vipimo vikaenda kombo.

"Sitauliza," alisema mshona mapazia.

Akajenga. Raundi ya kwanza, nyumba nne zilizopangika kama vifungo, na barabara ikizikata katikati. Mdogo wake akapiga mluzi. Wifi akasema, "Hongera, wifi," kwa sauti ya kweli kabisa, na sauti hiyo ikamkera kuliko kejeli.

Mwisho wa raundi mdogo wake akatangaza zamu ya maji, sahani ya shanga ikazunguka. Yeye na mkewe wakalipa noti, wakaweka ushanga mmoja mmoja kwenye nyumba zao. Baba hakugusa sahani. Alikuwa ameanza kusimulia habari za mto fulani aliowahi kuupima, maji ya kifuani, chombo kichwani, na alipokuwa akisimulia, wifi aliunyoosha mkono wake upande wa mzee na kumpangia shanga zake zote, taratibu, bila ruhusa. Mkono ulitembea juu ya mji wa baba kama unatembea jikoni kwake. Mshona mapazia aliutazama mkono ule mpaka ulipomaliza. Sahani ilipomfikia aliisukuma. Noti za kununulia mapambo hakuwa nazo. Katika michezo thelathini na mmoja Bwana Pete hakuwahi kulipia hata ushanga mmoja.

"Wifi," mwalimu wa chekechea akaanza, "na wewe hizi shanga..."

"Nimekuuliza?"

Baba akamtazama binti yake kwa juu ya miwani, akakiona kidevu kilichoinuliwa, kidevu anachokijua tangu enzi za viberiti. "Sheria ni sheria," alisema, na wifi akafumba mdomo.

Raundi ya pili alijenga kama mtu anayekimbizwa. Nyumba tisa kwa jumla, masoko mawili. Mji wa wifi ulikuwa na nyumba tano tu, kila moja na ushanga wake, umejikunyata pale kama kijiji. Dada mtu alizihesabu mara mbili kimoyomoyo, na kichwa kikamvimba. Zamu ya maji ikaja tena. Mdogo wake akaweka shanga zake, wifi akaweka zake, na mshona mapazia akakunja mikono.

Hapo mdogo wake akakohoa, akanyoosha kidole, akaanza kuzigeuza chali zile nyumba nne za mwanzo. Upande wa chini vigae vilichorwa kuta za kijivu zisizo na paa.

"Unafanya nini wewe?"

"Raundi mbili hazijapata maji, Dada. Wakazi wamehama. Haya sasa ni magofu." Akageuza na masoko yote mawili. "Na soko lililopakana na magofu linafungwa."

"Mwongo! Mbona kwenye video..." Akajing'ata ulimi, lakini neno lilikwishatoka.

"Video gani?"

Ikabidi aseme. Mdogo wake akaichukua simu yake, akaifungua video ya kwanza, akaiacha ianze mwanzo kabisa, pale ambapo dada mtu hajawahi kupasikiliza. "Karibuni tena," ikasema sauti ya Bwana Pete. "Kama kawaida yetu, zamu za maji nimezikata. Zinachosha kutazama, na mnajua zinavyokwenda."

Baba akaangua kicheko. Alicheka mpaka kiti kikalia, mpaka machozi yakamtoka, akavua miwani akaiweka mezani, akajifunika uso kwa kitambaa. Mwendesha kreni alikuwa hana mbavu. Alitoka barazani kumpigia yule mwenzake aliyehama, asipitwe na uhondo. Wifi peke yake hakucheka. Alimtazama mshona mapazia, akayashusha macho, akasema anakwenda kutazama chai. Na hilo nalo lilimuudhi dada mtu: hata kumcheka amemnyima.

Wakabaki wawili, yeye na baba, na magofu katikati yao. Sahani ya shanga ilikuwa mbele ya mzee. Zamu yake ilikatizwa na kicheko. Alikuwa bado anapangusa macho kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukatoka chini ya meza, ukaenda kwenye sahani.

Ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka kwa kicheko. Kicheko kilikwisha na mkono ukaendelea. Vidole viliushika ushanga mmoja vikaudondosha, vikaushika tena, na mwishowe sahani ikagongwa, shanga tatu zikaruka, moja ikabingirika mpaka sakafuni. Baba akaurudisha mkono haraka chini ya meza, akaufunika kwa ule mwingine, akageuzia uso dirishani.

"Mto ule, bwana," akaanza kusema, bila kumwambia mtu, "ulikuwa na maji ya kifuani..."

Mshona mapazia aliujua ule mto. Ulikuwa umesimuliwa mchana huohuo, zamu ya maji ya kwanza, wakati wifi akipanga shanga. Alikaa akitazama mikono iliyofichwa chini ya meza, mkono uliochora barabara zake bila rula. Tangu lini? Hakujua. Yeye alikuwa akija Jumapili, saa ya chakula na ya vicheko, na kuondoka sahani hazijakauka. Macho yake, ambayo kwa kazi yake hayaachi kitu, yakaenda kwenye shati la baba. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, mpaka vile vidogo vya ukosi. Mkono ule usingeweza hata kimoja. Kuna mtu aliyekuwa akivifunga kila asubuhi, na mtu huyo hakuwa yeye.

Wivu haukuondoka, msidhani. Uliongezeka. Mwanzo alikuwa akionea wivu jina. Sasa alivionea wivu vifungo.

Akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha wifi, karibu na baba. Akainama akaokota ushanga wa sakafuni, akasogeza sahani, akaanza kwenye mji wa baba. Nyumba ya kwanza, ushanga. Nyumba ya pili, ushanga. Vidole vyake vilikuwa vimezoea vitu vidogo, havikugongana. Baba hakugeuka mara moja. Sauti ya mto ikapungua, ikapungua, ikafika ng'ambo na kunyamaza. Miwani ilikuwa bado mezani. Akageuza uso ambao bado ulikuwa na unyevu, akautazama ule mkono unaotembea kwenye mji wake, mkono tu, jinsi macho yake yalivyoweza kuuona.

"Asante, Meya," alisema kwa upole. "Nilidhani umekwenda kutazama chai."

Mlangoni wifi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Alikuwa amesikia. Akarudi nyuma hatua moja, polepole, ili vikombe visilie.

Zilibaki nyumba tatu. Mshona mapazia akachukua ushanga mwingine.

"Chai bado, baba," akasema, kwa sauti ndogo aliyoiazima kwa wifi, na akaendelea kupeleka maji.