Mnyapara wa Hamisa

Watu walitutofautisha kwa kovu. Pacha wangu Hamisa alikuwa nalo kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, laini, linalong'aa kama utando wa maziwa. Vinginevyo hata baba, akirudi Handeni kutoka mashamba ya mkonge ya Ngombezi, aliuliza kwanza, "Wewe Hafsa au mwenzio?"

Tulikuwa wadogo kifafa kilipomwangusha kwenye mafiga. Majirani waliokuwepo walirudi nyuma, maana iliaminika kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Mama ndiye aliyemvuta. Tangu siku ile Hamisa hakuruhusiwa tena kusogelea moto. Nilipika zamu zangu na zake.

Kwa hiyo Awadhi wa Kang'ata alipoleta posa ya Hamisa, nilijua swali litakalofuata. Mama yake, Bi Mwaija, hakuzunguka. Alituma mtu aulize kama ugonjwa ule umo kwenye damu ya ukoo wetu. Alitaka wajukuu wazima, na bila jibu hakuna ndoa.

Mwezi huohuo mtafiti mmoja, Asnath, Mshambaa mpole wa huko milimani, alikuwa akichukua damu ya wenye kifafa katika zahanati yetu. Alipotuona tumekaa pamoja kwenye benchi, alisimama. Mapacha wa kufanana, mmoja anaanguka, mwingine haanguki. Alitueleza kwamba vinasaba vyetu ni vilevile. Alichotafuta ni alama zinazobandikwa juu ya vinasaba hivyo baadaye maishani, hasa kwenye vile ambavyo havijengi chochote mwilini, ila huviambia vingine lini vianze kazi na lini vinyamaze.

"Kama mnyapara," Hamisa akasema. "Hakati jani hata moja la mkonge, lakini bila yeye shamba zima linavurugika."

"Hasa."

"Basi wangu mlevi."

Asnath alicheka hadi akaweka sindano chini. Ndipo Hamisa akauliza, taratibu, kama atazaa watoto wanaoanguka.

"Sijui, mdogo wangu. Hata alama zenyewe, sijui kama zinaleta ugonjwa au ugonjwa ndio unaziacha. Ndiyo maana naomba damu yenu."

Nilitamani adanganye kidogo. Hamisa alikunja mkono wa gauni, akamnyooshea Asnath mkono wenye kovu.

Nyumbani walitushauri tumwambie Bi Mwaija kwamba wataalamu wamethibitisha si ugonjwa wa ukoo. Mimi nilikuwa tayari kulipeleka neno hilo. Hamisa alikataa. Tulipanda bodaboda hadi Kang'ata, mimi nyuma yake nimemshika kiuno.

Bi Mwaija alikuwa akipepeta mahindi. Hamisa alimwamkia, akangoja hadi alipoambiwa akae. Kisha akasimulia yote: vidonge anavyomeza kila siku, mara ya mwisho alipoanguka, mnyapara, na kwamba hata waliosoma hawajajua.

"Sikuja kukuahidi wajukuu, mama. Nimekuja unijue kabla sijaingia nyumbani kwako."

Ungo uliendelea kwenda juu na chini.

"Uliungulia wapi?"

"Jikoni."

"Mafiga ya chini?"

"Ya chini, mama."

Hakuuliza zaidi. Tulirudi Handeni, na kwa majuma kadhaa hakuna aliyekuja. Kisha akaja mjumbe wa Bi Mwaija, akitaka siku ya harusi.

Nilimsindikiza Hamisa hadi jikoni kwa mama mkwe wake. Mafiga hayakuwepo. Badala yake palikuwa na jiko la udongo lililoinuliwa hadi usawa wa kiuno, lenye ukingo mpana kuzunguka moto. Kwenye kucha za Bi Mwaija palikuwa na udongo uleule.

"Halijakauka vizuri," alisema. "Likikauka, utaliwasha mwenyewe."

Hamisa aliweka kiganja cha kushoto juu ya ukingo. Alipokiondoa, alama za vidole zilibaki. Bi Mwaija aliziangalia, hakuzilainisha.

Asnath bado anatafuta jibu lake. Nikienda Kang'ata humkuta pacha wangu amesimama, anapika, na alama zile bado zipo, ngumu kama kigae.